Mizani ya Tisa

Daktari Catriona Geddes, mwenye soksi zisizofanana,
alinipa karatasi: mara kumi kwa siku
jiulize kama unaota.
Hesabu vidole. Ndotoni havitimii,
au huzidi, au huyeyuka kama sabuni.

Vidole vyangu nimevizoea mno. Vimeosha wazee
miaka sita, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ya Rubislaw.
Hata nikilala havipungui.
Nikamwambia nitahesabu kingine.

Baba yangu, karani wa posta Pangani,
alinifunza mizani kwa kugonga meza:
U-si-ngi-zi-ni-m-ko-po. Nane.
Hu-li-pwa-ku-ki-sha-ku-cha. Nane.
Ukipata saba, alisema, umekula kitu.
Ukipata tisa, umeiba.

Basi nikagonga. Kwenye foleni ya duka la Wapolandi,
kwenye lifti, kwenye ngazi zenye barafu,
nikimbadili Bi Moira nepi saa tisa usiku:
nane na nane. Niko macho.
Aberdeen nzima ya mawe ya kijivu, niko macho.
Wiki tatu, wala sikuambulia hata nusu ya ndoto.

Usiku wa maabara wakanibandika nyaya kichwani
kwa gundi inayonuka ndizi mbivu.
"Ukijua umo ndotoni, peleka macho
kushoto kulia, kushoto kulia.
Mwili utakuwa gogo. Macho tu ndiyo huru."
Pauni arobaini, na kifungua kinywa.

Kengele. Ile ile.
Ukumbi wa ghorofa ya pili, zulia la rangi ya ini,
taa nyekundu juu ya chumba cha kumi na nne,
kama ilivyowaka Novemba
nami nakunja mashuka, redio imenijaa masikioni.
Miezi minane naukimbia ukumbi huu
nao unavutika kama mpira.

Safari hii mkono ukagonga ukuta wenyewe:
U-si-ngi-zi-ni-ni-m-ko-po.
Tisa.
Nikagonga tena. Tisa.
Silabi moja imeingia bila hodi,
ile -ni ya mahali, -ni ya ndani:
nyumbani, kaburini, usingizini.
Nikasimama. Ukumbi nao ukasimama,
umeona haya kidogo,
kama mwizi wa kuku aliyemulikwa tochi.

Watu hudhani ukishajua, unatawala.
Nilijaribu kuzima kengele. Ikaendelea.
Nilijaribu kuirudisha Novemba. Nikapewa Julai, na mvua.
Kilichokuwa changu ni miguu tu.
Nikaipeleka.

Bwana Innes alikuwa ameketi kitandani, ameshika kitufe,
nywele zimechanwa. Najua amekufa.
Najua pia kwamba huyu ni mimi,
nimemshona kwa viraka vyangu mwenyewe.
Lakini habari kama hiyo unampaje mtu
naye anakuuliza kama chai ipo?

Nikaikumbuka sayansi. Kushoto kulia. Kushoto kulia.
"Unatafuta mlango?" akasema, kwa lafudhi ya Pangani.
"La. Natafuta kiti."
Nikaketi. Kengele sikumbuki ilinyamaza lini.

Asubuhi Daktari alinionyesha mstari wa wino,
vilima viwili, mabonde mawili,
saa kumi na moja kasoro dakika sita.
Alikuwa na furaha ya mtu aliyepokea barua.
"Uliweza kuiendesha ndoto?"
Nilikaa tu, nikamwambia.
Akaandika neno moja, akalifuta.

Nje shakwe waligombania ganda la mkate.
Kituoni nikagonga nguzo, gundi ingali nyweleni,
nikisema tu nilichokiona:
Ba-si-la-ta-no-li-me-fi-ka.
Tisa.
Nikagonga tena. Tisa.
Dereva akafungua mlango. "Unapanda, au?"

Nikapanda.
Baba, hii sikuiba.