Muhuri wa Dirisha la Pili

Waraka uliletwa Jumapili, kahawa haijapoa,
kurasa nne, nembo ya baladia juu, pini yenye kutu.
Bwana Ghusn aliusoma amesimama,
kwa sauti ile anayonadia mbuzi wake sikukuu:

Mtumishi aliyeapishwa kuthibitisha hati
atathibitisha saa za kazi tu, na raia wote ni sawa.
Hatapokea baisa, wala halwa, wala ahsante yenye uzito.
Muhuri ni mali ya ofisi, hata jina lililochongwa likiwa lake;
akihama, akistaafu, akifa, unabaki kwenye droo.
Wala hatathibitisha hati ya mzazi, mume, ndugu,
shangazi –

hapo Mhanna wa dirisha la tatu alinitupia jicho.
Ibra nzima inajua nina mashangazi wangapi.

Jumatano akaja. Bi Shinuna, kutoka soko la wanawake,
hina kwenye kucha, udi umemtangulia mlangoni,
karatasi ameikunja mara nane kama hirizi.
"Nigongee hapa, mwanangu. Nampa Sleyum uwakala
akanidaie kodi ya duka Maskati.
Magoti yangu hayaitaki tena ile ngazi."
Kwa Kiswahili, mbele ya foleni,
Kiswahili cha Ng'ambo alichokuja nacho ana miaka kumi na tisa
na hakukiacha kizeeke.

Siwezi, shangazi.
"Huwezi? Umevunjika mkono?"
Mkono mzima. Ni waraka.
"Waraka! Siku unazaliwa, mama yako kazirai,
mimi ndiye niliyesema mbele ya daktari wa Kihindi: huyu wetu.
Nani aliniuliza muhuri?"

Foleni ilicheka kidogo.
Muhuri ulikuwa chini ya kiganja changu, shaba baridi,
mzito kuliko siku niliyoapa.
Kugonga ni kazi ya nusu sekunde.
Nikafikiri: nani ataona?
Kisha nikamwona mwanamke nyuma yake, simjui,
hana ndugu humu ndani,
karatasi yake imenyooka, anangoja zamu.

Nikautia drooni. Nikageuza ufunguo.
Nikamshika mkono shangazi hadi dirisha la tatu.

Kiswahili cha Mhanna ni "karibu" na "pole pole" basi.
Kiarabu Bi Shinuna anacho, ila akikasirika hukisahau chote.
Nikafungua kinywa nimtafsirie;
ukurasa wa tatu ukanifunga: mkalimani naye asiwe wa nyumbani.
Akajitokeza kijana wa duka la simu, mama yake Mpemba,
akasimama kati yao, akapitisha neno moja moja
kama anayehesabu chenji.

Akaulizwa: Umelazimishwa?
"Nimelazimishwa kutembea madirisha mawili."
Kijana akatafsiri: La.

Kidole gumba kwenye wino. Kidole kwenye karatasi.
Mhanna akagonga. Mlio ule ule
ambao ungekuwa wangu.

Shangazi akabaki na kidole hewani, cheusi,
hajui akifutie wapi, buibui jipya.
Waraka nimeusoma mara tatu, pamoja na kiambatisho.
Haukutaja kidole.
Nikazunguka kaunta, nikatoa leso,
nikakifuta taratibu mpaka mistari yake ikarudi,
naye, bado amenuna, hanitazami,
akaninyooshea na kile kingine,
kisichokuwa na wino.