Msanii Hajulikani

Kutaisi, mwezi wa Februari. Theluji
inayeyuka kabla haijaugusa mto Rioni.
Tsiuri, miaka sabini na mmoja, ameketi
mbele ya kompyuta ambayo hadi juzi
ilikuwa ya Otar, na kiti nacho cha Otar,
kimebonyea upande aliokuwa akiegemea.

Kando yake Nukri wa ghorofa ya chini, fundi lifti,
ana grisi kwenye kucha na subira ya kuazima.
"Kitufe hiki," anamwambia, "huingia ndani.
Hiki cha kulia hubisha hodi."

Tsiuri maisha yake yote ameingia bila hodi:
mifukoni mwa mumewe, katika mazungumzo ya watu.
Leo anabofya kulia
na orodha inashuka kama risiti ya duka:
Fungua. Kata. Nakili. Njia ya mkato.
Futa. Badili jina.
Na chini kabisa, peke yake, Sifa.

"Sifa husomwa mwisho," asema Tsiuri,
"kama makaburini."
Nukri anacheka, kisha anakumbuka, ananyamaza.

Folda yenyewe inaitwa Piano.
Miaka thelathini na minane Otar alizunguka
na ufunguo wake wa kukaza nyuzi,
na kila piano aliifungulia faili kama mgonjwa:
"Ya mjane wa njia ya reli: panya wamekula sufu."
"Ya kanisa: nzima, ila mpigaji ana hasira."
Mafaili mia mbili na kumi na mawili ya maneno,
na moja tu la sauti.
Kwa ajili ya hilo moja kompyuta ikakata shauri
kwamba folda nzima ni ya muziki,
ikachora safu zake:
Albamu, tupu. Urefu, tupu. Msanii, hajulikani.
Hajulikani, hajulikani, hadi chini ya ukurasa.

"Hajulikani!" Tsiuri anaikaripia skrini.
"Koti lake bado limetundikwa mlangoni."

"Haisomi, mama, inanusa tu.
Imenusa wimbo mmoja
ikadhani nyumba nzima inaimba."

Bofya kulia tena, pale penye weupe, si juu ya faili.
Anabofya juu ya faili. Anarudia.
Orodha ni nyingine:
kumbe pasipo na kitu napo pana menyu yake.
Sifa. Kisha Geuza. Kisha swali:
folda hii ni ya nini?
Mchanganyiko, nyaraka, picha, muziki, video.
Tsiuri anazikodolea macho
kama mtu aliyeulizwa dini yake na karani wa sensa.
"Hamna ya madeni? Hamna ya ahadi?"
"Hamna."
"Basi nyaraka."

Safu zinageuka. Hakuna faili lililohama,
hakuna neno lililopotea; imebadilishwa miwani tu.
Sasa pana tarehe, na ya juu kabisa
ni Alhamisi, siku mbili kabla ya hospitali:
"Shule ya Tskaltubo. La ya tatu inateleza.
Nimewaambia nitarudi kabla ya sherehe ya Machi."

Anaiandika namba ya shule kiganjani.
Nukri anaitwa kwa simu; jengo la jirani
lifti imekwama na mtu ndani. Anakimbia,
anasahau bisibisi yake juu ya meza.

Limebaki lile faili moja la sauti.
Tsiuri anabisha hodi. Sifa. Maelezo. Msanii:
mshale unapepesa kwenye nafasi tupu.
Anaandika kwa kidole kimoja, O, kisha T,
anakosea, anafuta, anaanza upya.
Hifadhi.

Halafu, kwa kitufe cha kushoto, anaingia:
noti moja, La, ikipigwa na kupigwa na kupigwa,
katikati yake mtu akikohoa,
na yeye mwenyewe, mbali, jikoni,
akiuliza kama chai aiandae sasa ama baadaye.