Je, Ndani Mna Majimaji?

Urve wa posta huniuliza swali lile lile
kila Jumanne, macho kwenye kompyuta:
je, ndani mna kitu cha kulipuka,
cha kuoza, cha kushika moto, cha majimaji?
Tulisoma darasa moja hapa hapa Tartu.
Alikuwa akinakili hesabu zangu.

Mna wino, nasema.
Wino ni maji?
Wino ni wino, Urve.
Analamba kidole, anafunua kijitabu:
Latvia, ruhusa. Ujerumani, ruhusa, kwa lori.
Chile, kwa ndege, hapana.
Hata tone?
Hata tone.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msahihishaji wa chapa.
Kiwanda kilipofungwa nikabaki na macho mabovu
na mkono usiojua kukaa bure,
nikaanza kuokota vinundu vya mialoni kando ya mto,
kuviponda, kuviloweka, kisha kuvitia maji ya siki
yaliyolala na misumari yenye kutu ya marehemu mume wangu.
Majirani hunusa, hufunga madirisha.
Mpwa wangu Tarmo akanifungulia duka mtandaoni,
akaipiga picha chupa juu ya theluji,
na dunia, ambayo sikujua kama bado inaandika kwa mkono,
ikabisha hodi.

Chupa ya Valparaíso niliiviringa kama kichanga:
nta kwenye kizibo, utepe, mfuko, mfuko tena,
unga wa mbao, boksi ndani ya boksi.
Ilirudi baada ya siku sitini na nne
na muhuri mwekundu, na doa jeusi ubavuni.
Baridi iliipasua, au joto, au mtu.
Maji yakimwagika hayazoleki, tulifunzwa;
posta waliyazoa, wakaniletea mlangoni,
wakanidai na nauli.
Hortensia Oyarzún akanipa nyota moja.

Andika «zawadi», Tarmo akaniambia.
Andika «karatasi». Kila mtu anadanganya, shangazi.
Kalamu ikaning'inia juu ya fomu ya forodha
mpaka nyuma yangu foleni ikakohoa.
Mimi niliyewinda koma zilizojipenyeza,
herufi zilizovaa nguo za wenzao,
nidanganye kwenye kisanduku cha sentimita mbili?
Nikarudi nyumbani na chupa yangu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikifikiri
kwamba wino si wino mpaka wawili wakutane.
Vinundu peke yake ni chai tu.
Kutu peke yake ni kutu.
Basi nikapaka karatasi moja kwa hiki, nyingine kwa kile,
nikazianika kwenye kamba juu ya beseni la kuogea,
nikapaka tena, nikaanika, mara saba,
zikakakamaa kama biskuti.
Nikazitia katika bahasha mbili, mbali mbali,
na maelezo: *vijiko viwili vya maji ya kwenu.
Tumbukiza zote pamoja. Koroga.*

Je, ndani mna majimaji?
Hamna, Urve. Maji anayo mnunuzi.
Akaniangalia, mimi, si kompyuta,
kwa muda wa mtu anayetafuta kosa katika hesabu
na halioni.
Akagonga muhuri.

Jibu lilikuja Machi, barafu ya mto ikianza kulia.
Tarmo akanitafsiria, sauti ikishuka kila mstari:
*Bibi, nimefuata maelezo yako yote.
Wino wako ni hafifu, rangi ya majani makavu.
Hata haya ninayoandika nayaona kwa shida.
Naifunga bahasha hii sasa hivi, kwa hasira.
Nirudishie pesa zangu.*

Nikamnyang'anya karatasi, nikaisogeza dirishani.
Nyeusi tii.
Kila herufi, hata nukta ya mwisho,
nyeusi hata macho yangu haya yaliisoma bila miwani.

Jumanne nikamrudishia pesa zake.
Bahasha nimeitundika juu ya mtungi.