Korosho Nzima

Msitarajie vinyago. Babu yangu hakuchonga;
alikuwa karani wa chama cha msingi, Nanyamba,
akipima magunia, akigombana na mizani.
Mkono huu nimeurithi kwa mama,
aliyebangua korosho miaka kumi na tisa
hapa Mtwara, kwenye kiwanda chenye kelele
hata kunguru hawakutua paani.

Nzima, kipande, chenga:
hivyo ndivyo dunia yake ilivyopangwa.
Nzima ina bei. Chenga huliwa na watoto wa msimamizi.
Ganda lina mafuta, mafuta yana moto,
na kiini hakisamehi.

Sasa nasomea ubobezi wa sikio na sakafu ya fuvu.
Sakafu, ndivyo tunavyoiita, na ni kweli:
juu yake ubongo umejilaza kama mgeni,
chini yake mishipa inapita bila kubisha hodi.
Kila Jumamosi, chumba cha nyuma ya maabara,
feni mbovu, hadubini ya msaada,
na mwalimu wangu, Dakta Mchilowa,
anayesema machache kuliko keekee.

"Sikiliza," husema. "Mfupa mnene hunguruma.
Ukiwa mwembamba, sauti hupanda
kama mtoto anayekaribia kulia.
Hapo acha."
Nami huacha. Au huchelewa.
Chini ya ncha ya almasi, maji yakitiririka,
mfereji wa neva ya uso hujitokeza,
mstari mweupe, mpole.
Ukiikata neva hiyo, mtu hatabasamu tena upande ule;
atalala jicho moja wazi
kama mlinzi asiyelipwa.

Nyundo, fuawe, kikuku:
karakana nzima ya mhunzi
katika nafasi ya kunde tatu.
Kikuku ni chepesi kuliko punje ya mchele,
na nimekiangusha mara nne.

Wiki iliyopita aliletwa Asumini Likanda wa Kitangari,
sikio likitoa usaha tangu darasa la pili,
uvimbe umeshakula paa, unanusa ubongo.
Mwalimu ndiye aliyepasua.
Mimi nilimwaga maji na kufyonza,
kwa saa sita na nusu, pumzi nikiigawa kidogo kidogo.
Alipozinduka tukamwambia: piga mluzi.
Akapiga. Upepo mtupu, hakuna wimbo,
lakini pande zote mbili za mdomo zikaitika.
Mwalimu akatoka bila neno
kwenda kununua mihogo ya kuchoma.

Jioni ile nilimpelekea mama mfupa wa mazoezi,
si wa mtu, wa plastiki, umechapwa na mashine.
Mama hasikii. Kiwanda kilimla sikio la ndani,
vile vinywele visivyoota tena;
huko keekee yangu haina njia.
Ubobezi wote huu unaishia kizingitini kwake.
Hata laini yake ya simu nimesajili kwa jina langu,
maana mashine ilitafuta alama kwenye vidole vyake,
ikakuta ulaini,
ikakataa mara saba.

Akaugeuza mfupa chini ya taa ya jikoni.
Hakuuliza ni nini.
Akapitisha kidole cha mwisho ndani ya shimo nililochimba,
shimo ambalo Dakta Mchilowa, kwa hadubini,
alikuwa amelitia vema kwa kalamu nyekundu.
Kidole kikasimama mahali. Kikarudi. Kikasimama.

"Hapa," akasema, kwa sauti kubwa ya wasiosikia,
mtaa mzima ukajua,
"hapa umeigusa."

Nikasogeza taa.
Mkwaruzo, mfupi kuliko kope.

"Chenga?" nikauliza kwa midomo tu.
Akafikiri, akaupima mfupa kiganjani.
"Kipande," akasema.
"Rudia."