Toleo la Saba

Gazeti la kompyuta ndogo lilipigwa taipu.
Ndilo watu walilolicheka kwanza, pale Uhindini, Mbeya:
taipu kuukuu ya misheni, herufi k imevunjika mguu,
kwa hiyo kila "kompyuta" ilitoka ikichechemea.
Stensili, mpini wa kuzungusha, nakala mia na ishirini,
Juni, baridi ya Loleza imeingia vidoleni,
wino umegoma, tunaupasha kwenye jiko la mkaa.

Tuliliita Kitufe.
Mhariri, Ambakisye Mwasomola, fundi redio,
alikuwa ameona kompyuta moja tu maishani,
kwenye chama cha kahawa, Mbozi. Ilimtosha.

Toleo la kwanza: bei za disketi,
nani kaleta printa kupitia Tunduma,
na onyo: usiifunike kitenge ikiwa inawaka.
La tatu, barua ya mwalimu Nguvila, Makete:
panya amezaa ndani ya mashine ya shule,
amefuata joto. Nifanyeje?
Mhariri akajibu kwa mstari mmoja:
Subiri wafumbue macho.

Kufika la sita tulikuwa na matangazo manne
na aibu.
La saba, akasema, tutalitengenezea ndani ya kompyuta yenyewe.
Mganga hajigangi, nikamwambia.
Akasema, huyu atajiganga.

Wiki tatu mbele ya kioo cha kijani, nikipanga safu,
k zote zimesimama wima, miguu miwili miwili.
Tukahifadhi kwenye disketi moja.
Moja.
Printa ikatafuna karatasi, mashine ya kukodi ikarudi kwa mwenyewe,
na la nane likatoka kwa taipu, likichechemea,
juu kabisa limeandikwa: Toleo la saba lipo njiani.
Tuliandika hivyo hadi la thelathini na moja.

Hakuna aliyelifunga gazeti. Karatasi ilipanda bei,
Ambakisye akazikwa Rungwe, mvua ikinyesha,
na wasomaji wakaanza kubeba kompyuta mfukoni,
wanaiita simu.

Juzi nilimpelekea Lusajo, fundi wa Mwanjelwa, ile disketi.
Akaigeuza, akaigeuza tena.
"Mama, hii inachomekwa wapi?"

Matoleo thelathini ya stensili yako kabatini.
Wino umefifia, ila unasomeka.
Na hili moja, la kisasa, lina lebo tu,
mwandiko wake, kalamu ya bluu:
Usiikunje.

Sijaikunja.