Tembo wa Mataruma

Mimi ndiye niliyemchomelea yule tembo.
Jina langu halimo ukutani, wala silidai;
ninachodai ni nusu ya pili ya malipo.
Naandika kwa sababu nilikuwepo,
nimesimama karibu na swichi ya taa,
siku Damari Chilongani alipofungua milango
ya ghala la mizigo la zamani, Kikombo,
na upepo ukaingia kabla ya mgeni rasmi.

Mataruma ya chuma, yale ya Mjerumani.
Mengine yana mwaka uliogongwa pembeni,
1909, umevimba kutu
kama kovu la chanjo.
"Hapo msasa usipite," aliniambia.
Basi tembo ana mwaka juu ya jicho
na matundu ya skurubu ubavuni
yanayopitisha mwanga wa saa kumi.
Kaishia tumboni. Sakafu imemmeza nusu.
"Na miguu?" nilimuuliza.
"Iko chini."
Chini hakuna kitu, dada, nikamwambia,
zege hili nimelimwaga mwenyewe, inchi nne,
mchanga nimeuleta kwa punda.

Mnaijua habari yake.
Tembo alikuja kunywa, tope likamshika,
waliomwona wakasema *idodomya*, amezama,
na mji ukabaki na neno hilo mdomoni
hata alipokuja mwenye ramani akaliandika alivyosikia.
Lakini kwetu Handali wanakataa.
Wanasema walikuwa ng'ombe, tena wa wizi:
wakachinjwa, wakaliwa, mikia ikachomekwa matopeni,
na wenye mali walipofika wanahema
wakaonyeshwa: jamani, poleni, wamedidimia.
Watu hucheka hapo.
Babu yangu alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Damari hakuchagua. Alizifanya zote mbili.
Nyuma ya tembo, mikia mia moja na kumi na saba,
katani na waya, imesimama sakafuni
kama shamba la uwele lililokosa mvua,
na kwenye kila mkia kafunga karatasi,
stakabadhi ya serikali, namba, muhuri,
*ng'ombe mmoja, kwa ajili ya vita.*
Vita vya nani, haikuandikwa.
Mjerumani alichukua akirudi nyuma,
Mwingereza akachukua akisonga mbele,
kisha ikaja Mtunya,
na mtoto akapimwa kwa kibaba.
Safari hii aliyechomeka mikia
alikuwa na kalamu.
Hapo hakucheka mtu.

Zikaja hotuba. Mvinyo wa Makutupora
kwenye vikombe vya plastiki.
Mgeni rasmi akasema sanaa ni ajira,
nikamtazama Damari, Damari akatazama dari.
Ndipo akapita Bibi Loi Masima, kandambili mkononi,
akauchagua mkia mmoja kama anayechagua mchicha,
akaushika kwa mikono miwili,
akavuta.

Mlinzi alipopiga kelele mkia ulikuwa umeshatoka.
Bibi akainama kwenye tundu, akafumba jicho moja,
akachungulia kwa muda uliopita adabu.
"Nilitaka kuhakikisha tu," akasema.
Akaondoka nao, stakabadhi ikining'inia,
na hakuna aliyejua amwambie nini.

Nikaleta saruji. Damari akanizuia.
"Liache."

Usiku nilibaki kufagia.
Treni ya mizigo ilipita bila kusimama,
mikia yote ikatikisika
kana kwamba nzi wamekuja.
Nikachukua kijiti cha kuchomelea,
nikakisukuma tunduni, nikihesabu: inchi moja, mbili,
tatu, nne.
Kikaenda.
Kikaenda chote, mpaka vidole vyangu vikagusa sakafu.

Nikakiachia.
Sijakisikia kikifika.