Hofu Ni Ngapi Leo?

Naitwa Milembe. Kwa Kisukuma ni amani.
Mtaani Bugarika wakalisikia vingine:
"Huyo jina lake ndiyo wodi yake, mpelekeni Dodoma."
Nikacheka nao. Nilikuwa na miezi saba sijaoga,
najipangusa kwa kitambaa kibichi, kama meza ya mgahawa,
kwa sababu beseni lilikuwa na kina.

Nilihamia juu kabisa, kwenye mawe,
ambako maji hupanda kwa madumu na kwa matusi,
na bado kila dirisha la Mwanza lina ziwa ndani yake.
La kwangu nikaliziba kwa gunia.

Mama mkubwa akanipeleka Magu.
Mganga akampasua kuku, akamsoma,
akasema maji yananidai. Tukalipa mbuzi mweupe.
Usiku ule wanawake sita walinishika mikono mpaka kukapambazuka,
na sitaki mtu aidharau mikono ile:
ndiyo ulikuwa usingizi wangu wa kwanza.

Kanisani wakamtoa pepo wa maji
kwa kunimwagia maji.
Niliruka benchi tatu. Wakasema, mnaona?

Vidonge vya Bugando viliniweka chini kama mzigo.
Nililala. Ziwa halikulala.

Ndipo chumba kile, viti viwili vya plastiki,
na Tegamaisho, Mhaya mwenye soksi zisizolingana,
kalamu mkononi: "Hofu ni ngapi leo? Sifuri mpaka kumi."
Nikamwambia, mimi nimepima dagaa miaka kumi na mmoja;
hofu haina sado.
"Basi kadiria," akasema, "kama gunia ambalo hujalifungua."
Nikasema tisa. Akaandika tisa.
Hakushangaa, wala hakuniita mama pole.

Picha ya ziwa kwenye kalenda: sita.
Glasi ya maji mezani kati yetu: saba, halafu tano,
halafu chai ikaletwa, tukasahau kuulizana.
Beseni. Kidole. Kiganja.
Siku ya kiwiko nilimtukana kwa lugha mbili.
"Usiutoe," akasema. "Ngoja ishuke yenyewe."
Na ilishuka, kwa kinyongo,
kama bei ya samaki jioni
ambayo muuzaji hataki jirani aisikie.

Kisha akaitaka ile habari.
"Isimulie kama inatokea. Ondoa *li*, weka *na*."
Sikujua silabi moja inaweza kuwa na uzito wa injini.

Tunatoka Kome. Magunia arobaini. Wimbi linaingia ubavuni.
Nyamizi anashika upindo wa kitenge changu.
Ninavuta.
Simvuti yeye.
Ninavuta kitenge.

Akanirekodi kwenye simu. "Sikiliza kila jioni."
Mara ya kwanza nilitapika.
Mara ya tisa nikagundua
nyuma ya sauti yangu kuna mtu anafagia korido.
Mara ya ishirini nilimsikiliza mfagiaji kuliko mimi.
Na Alhamisi moja, bila kutumwa, nikasema
*nilivuta*.
Kalamu ikasimama.
"Rudia."
Nilivuta kitenge. Nilikuwa nazama.

Leo tumeshuka Mwaloni asubuhi.
Kakunja suruali, soksi kazitia mfukoni,
moja inachungulia, ya kijani.
Harufu ya dagaa ilinifikia kabla ya maji.
Mwanamke mmoja akaita toka kwenye chanja:
"We Milembe! Ulikuwa wapi?"
Sikuwa na jibu dogo la kumpa.

Maji yamefika kifundo cha mguu.
Yana uvuguvugu, yana mafuta ya injini,
yana ganda la muwa linalonigonga na kurudi.
"Ngapi?"
Saba.
Tunasimama.
Nyamizi harudi; hilo hakuna aliyeniahidi,
si kuku, si mchungaji, si huyu mwenye daftari.
Mtoto anapita na ndoo, anatuangalia
watu wazima wawili tusiovua, tusiofua.
"Ngapi sasa?"
Ngoja kwanza.
Usinikimbize.